Je, Watu wa Ishango Walizijua Namba Tasa?

Katika mijadala yetu ya historia ya Afrika hapa Juba kuna mfupa mmoja ambao haukosi kutajwa. Mtu akisema kwamba hisabati ililetwa Afrika na wageni, mwingine humjibu kwa neno moja: Ishango. Kisha hufuata dai kwamba zaidi ya miaka 20,000 iliyopita wavuvi waliokaa kando ya Ziwa Edward walikuwa tayari wanazijua namba tasa, na ushahidi unaotolewa ni mfupa wenye mikato 11, 13, 17 na 19. Dai hili linapendeza, nami naelewa kwa nini linapendwa. Watu ambao mababu zao waliandikwa vitabuni kama watu wasio na historia hawawezi kulipita hivihivi. Lakini sisi tunaosoma historia tunapaswa kuuliza mfupa unaweza kuthibitisha nini, na kwanza kabisa tuulize namba tasa huthibitishwaje.

Mfupa wenyewe ni mdogo. Urefu wake ni kama sentimita 10, rangi yake ni kahawia iliyokolea, na kwenye ncha moja umechomekwa kipande cha kwatzi, jiwe gumu linaloweza kuchanja. Ulichimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin de Braucourt, mwanajiolojia wa Ubelgiji, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ambayo wakoloni waliiita Albert na leo inaitwa Virunga, mashariki mwa Kongo. Katika uchimbaji huo zilipatikana pia zana za mawe na vyusa vya mfupa vyenye meno, vya kuchomea samaki.

Mikato imepangwa katika safu tatu zinazofuata urefu wa mfupa, na katika kila safu imekusanywa mafungu mafungu. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Safu nyingine nayo ina manne: 11, 21, 19 na 9. Safu ya kati ina manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Ukijumlisha, safu ya kwanza inatoa 60, ya pili 60, na ya kati 48.

De Heinzelin aliandika juu ya mfupa huu mwaka 1962. Aliona kwamba katika safu ya kati 3 inafuatwa na 6, na 4 inafuatwa na 8, yaani kuna kuzidisha kwa mbili. Aliona kwamba safu ya pili inaweza kusomwa kama 10 na moja, 20 na moja, 20 kasoro moja, 10 kasoro moja. Na aliona kwamba namba za safu ya kwanza ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Akapendekeza kwamba huenda ulikuwa mchezo wa hesabu wa watu waliohesabu kwa makumi na kuzijua namba tasa. Alikadiria kwamba walikaa hapo kati ya mwaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo. Uchunguzi uliofanywa baadaye na Alison Brooks na wenzake uliusogeza umri huo nyuma sana, hadi zaidi ya miaka 20,000. Kwa hiyo pendekezo lililotolewa kwa tahadhari kuhusu watu wa zamani kiasi likageuka kuwa dai kuhusu watu wa kale mno, na ile tahadhari ikaachwa njiani.

Sisi wa Juba tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Kwa mstari ulionyooka Ishango iko kama kilomita 600 kutoka hapa, na kwa njia ya maji tumeunganishwa nayo moja kwa moja. Semliki unapita chini ya milima ya Rwenzori na kuingia Ziwa Albert. Nile inatoka katika ziwa hilo, inaingia nchini mwetu Nimule, na kupita Juba kwa jina la Bahr el Jebel. Sehemu ya maji yanayopita chini ya daraja letu yalipita kwanza Ishango. De Heinzelin mwenyewe aliufuata mto huu katika maelezo yake. Alivilinganisha vyusa vya Ishango na vile vya Khartoum, ambako Anthony Arkell alichimba miaka ya 1940, na vya Misri, akaona kwamba ufundi ule ulisafiri kuelekea kaskazini. Kisha akauliza kama hesabu nayo haikusafiri pamoja na vyusa.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana naye. Chusa kina umbo. Meno yake yako upande mmoja au pande mbili, na kuna namna ya kukifunga kamba. Mtu anaweza kuweka vyusa viwili mezani na kubishana kama kimoja kinatokana na kingine. Namba tasa haina umbo la namna hiyo.

Namba tasa ni namba nzima, kubwa kuliko 1, ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Wenzetu waliosoma kwa Kiarabu huiita adad awwali, namba ya kwanza, na lugha nyingi za Ulaya zina maana hiyohiyo. Kiswahili kimechukua njia nyingine kikaiita tasa, kama ng'ombe asiyezaa. Nina ugomvi mdogo na neno hili, kwa sababu ukichunguza utaona namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote: 12 inatokana na 2, 2 na 3, na 35 inatokana na 5 na 7. Zenyewe ndizo zisizozaliwa na yeyote. Hata hivyo neno letu limeshika jambo moja ambalo Kiarabu kimeliacha. Limeitaja namba kwa kile kinachokosekana ndani yake. Kusema kwamba 17 ni tasa ni kusema kwamba mtu amejaribu kuipanga katika safu zilizo sawa, mbili mbili, tatu tatu, nne nne, na kila mara kukabaki kitu. Utasa wa namba ni matokeo ya majaribio yaliyoshindikana.

Sasa urudi kwenye mfupa. Mikato 17 inaonyesha 17. Haionyeshi kwamba aliyeichanja alijaribu kuigawanya akashindwa. Mfupa wenye mikato 17 ya mtu anayejua namba tasa na mfupa wenye mikato 17 ya mtu anayehesabu samaki ni mifupa miwili inayofanana kabisa. Kugawanya kunaweza kuacha alama, lakini kutogawanyika hakuachi alama yoyote mpaka mtu aandike majaribio yake.

Ushahidi wa kweli tunaujua unavyoonekana, kwa sababu upo, na kwa bahati uko karibu na mdomo wa mto huuhuu. Huko Alexandria, kama mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliandika kwa Kigiriki maana ya namba tasa, kisha akathibitisha kwamba hazina mwisho: ukizidisha zote unazozijua na kuongeza moja, namba unayopata haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo lazima kuna nyingine ambayo hukuwa nayo. Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika nchi ambayo leo ni Libya, aliyefanya kazi Alexandria, anakumbukwa kwa chekecheo lake. Unaandika namba kwa mfuatano, unafuta vigawe vya 2, kisha vya 3, kisha vya 5, na kuendelea; zinazobaki kwenye chekecheo ni tasa. Hapo namba zilizofutwa ni ushahidi sawa na zile zilizobaki. Kama Ishango pangepatikana mfupa wenye mafungu kutoka 2 hadi 19 na baadhi yake yamekatwa mstari, mjadala ungekuwa umekwisha zamani.

Peter Rudman, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya chanzo cha hisabati, amelikataa dai la Ishango kwa njia nyingine. Anasema wazo la namba tasa haliwezi kutangulia wazo la kugawanya, na kugawanya anakuweka baada ya mwaka 10,000 kabla ya Kristo. Siipendi sana hoja hiyo. Watu wanaogawana samaki kila jioni hawahitaji mtu wa kuwafundisha kwamba samaki 13 hawagawanyiki sawa kwa nyumba nne. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi: hata kama walijua, mfupa huu hautuambii.

Mtu atasema: lakini namba zote nne ni tasa, na ni zile zote za kati ya 10 na 20! Hiyo itakuwaje sadfa? Tuhesabu basi. Kati ya 10 na 20 kuna namba witiri tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Mtu akichagua nne kati ya hizo kwa sababu yoyote ile, au bila sababu, ana njia tano za kufanya hivyo, kwa kuwa anaacha moja kila mara. Akiiacha 15, amepata namba tasa zote za kati ya 10 na 20. Ni nafasi moja kati ya tano. Kwa nafasi kama hiyo hakuna anayeweza kujenga historia ya bara zima.

Na kuacha 15 kunaweza kuwa na sababu nyingine kabisa. Angalia: 11 na 19 ni 30, 13 na 17 ni 30. Katika safu ya pili 11 na 19 ni 30. 21 na 9 ni 30. Safu zote mbili zimetengenezwa kwa jozi za 30. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu hivi. Alexander Marshack, aliyeuchunguza mfupa kwa hadubini, aliusoma kama kumbukumbu ya mwezi unavyokua na kufifia. Simwungi mkono kwa kila alichosema, lakini usomaji wa jozi za 30 una faida moja: unaeleza safu mbili, wakati usomaji wa namba tasa unaeleza moja na kuiacha jirani yake, yenye 9 na 21 ambazo si tasa, bila maelezo.

Kuna sadfa nyingine katika mfupa huu ambayo naitaja ili tuogope. Jumlisha mikato yote: 60, 60 na 48 ni 168. Sasa hesabu namba tasa zilizo chini ya 1000. Nazo ni 168 kamili. Mwenye kutaka angeweza kusimama jukwaani na kutangaza kwamba wavuvi wa Semliki walizihesabu namba tasa hadi 1000 wakaweka jumla yake kwenye mpini wa mfupa. Hakuna mtu mwenye akili atakayeamini hivyo, ingawa hesabu ni sahihi. Tofauti ya dai hili na lile la kwanza ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri.

Au tujitazame sisi. Sudani Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, na 2011 ni namba tasa. Siku chache baadaye ikawa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa, na 193 ni tasa. Namba ya simu ya nchi tuliyopewa ni 211, nayo ni tasa. Mchimbaji wa miaka 20,000 ijayo akizipata namba hizi tatu pamoja ataandika sura nzima kuhusu taifa lililoabudu namba zisizogawanyika, na sisi tulioishi humo tungecheka kwa uchungu, kwa kuwa kugawanyika tunakujua vizuri.

Mfano wenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa namba moja kubwa ambayo karibu kila mmoja wetu ametembea nayo mfukoni: 2,147,483,647. Historia yake inaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kazi inayohitajika ili kujua kwamba namba ni tasa, na jinsi namba tasa inavyoweza kutumiwa na watu wasioujali utasa wake.

Namba hii inapatikana kwa kuanza na 1 na kuzidisha kwa mbili mara 31, kisha kutoa moja. Ni 2 kwa kipeo cha 31, kasoro moja. Namba za aina hii zina tabia ya kuvutia: kipeo kisipokuwa tasa, namba yenyewe haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, huenda ikawa au isiwe. Tuzitumie zilezile za Ishango kama vipeo. Kwa 11 unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89, kwa hiyo si tasa. Kwa 13 unapata 8191, kwa 17 unapata 131,071, kwa 19 unapata 524,287, na zote tatu ni tasa. Hizo mbili za mwisho zilithibitishwa na Pietro Cataldi, Mwitaliano, mwaka 1588, kwa kuzigawanya kwa kila namba tasa iliyohitajika, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na njia ya mkato.

Kwa kipeo cha 31 njia ya Cataldi inachosha mno. Ili kujua kama namba ni tasa inatosha kuijaribu kwa namba tasa zisizozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha 2,147,483,647 ni kama 46,341. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg na macho yake yamekwisha kupofuka karibu kabisa, alipata njia bora, na matokeo yakatoka mwaka 1772. Alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii, kama kipo, ukikigawanya kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Kila namba nyingine inatupwa kabla ya kuijaribu. Ukihesabu namba za aina hiyo hadi kikomo, ukiondoa 63 yenyewe ambayo wazi si tasa, zinabaki 372, na hata kati ya hizo nyingi zinajiondoa: 249, kwa mfano, ni 3 mara 83. Kila iliyojaribiwa iliacha baki. Kwa miongo mingi hakuna aliyeijua namba tasa kubwa kuliko hiyo, na mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba haitapatikana kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna faida itakayomsukuma mtu kuitafuta. Mwaka 2024 Luke Durant, kwa kutumia kompyuta nyingi zilizounganishwa, alipata ile ya kipeo cha 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Barlow alijua hesabu kuliko alivyowajua watu.

Kinachonivutia katika kazi ya Euler ni kwamba tunaweza kuirudia. Kanuni ya 248 ipo, kikomo kipo, zile 372 zipo. Mwanafunzi mwenye karatasi na subira anaweza kukaa wiki chache na kuhakikisha kila hatua. Hivyo ndivyo mtu anavyoonyesha kwamba anajua namba fulani ni tasa.

Halafu kuna maisha ya pili ya namba hii. Kompyuta nyingi na simu zimehifadhi namba kwa nafasi 32, moja ya kuonyesha alama ya kujumlisha au kutoa na 31 za namba yenyewe. Kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 2,147,483,647. Mashine nyingi zimehesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na katika zile zinazotumia nafasi 32 hesabu hiyo itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa tunayotumia sasa hapa Juba itakuwa saa 11 na dakika 14 alfajiri. Nairobi na Kampala itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, kwa sababu sisi tulirudisha saa zetu nyuma mwezi Februari 2021. Mashine zisizokuwa zimebadilishwa zitarudi mwaka 1901.

Sasa, waliotengeneza mashine hizo waliichagua namba hiyo kwa sababu ni tasa? Hata kidogo. Walitaka nafasi 32 tu, na ilipotolewa moja ya alama zikabaki 31. Walipotumia nafasi 16 walipata kikomo cha 32,767, ambacho ni 7 mara 31 mara 151. Walipohamia nafasi 64 walipata namba inayogawanyika kwa 7. Utasa ulitokea katikati, bila kuitwa. Kwa hiyo tuna namba tasa kubwa, iliyothibitishwa na mmoja wa wanahisabati wakubwa waliopata kuishi, imekaa ndani ya vifaa vingi vya zama zetu, na bado kuwapo kwake humo hakusemi lolote kuhusu mafundi walioiweka. Mwaka 22,000 mchimbaji akiikuta katika mabaki ya simu zetu atafanya kosa lilelile ikiwa atasoma nia ndani ya namba. Kama ni hivyo kwa namba yenye tarakimu kumi, 11 na 13 zitubebee mzigo gani?

Rafiki yangu mmoja niliyemweleza haya aliniuliza: ndugu yangu, kwa nini unatunyang'anya kitu kimoja tulichokuwa nacho? Swali lake ni la haki. Nchi yetu ni changa na historia yake inaandikwa sasa hivi, na wengi wanaamini kwamba kazi ya mwanahistoria ni kutafuta ya kujivunia. Nilimjibu kwamba mfupa sijauchukua. Nimeondoa lile lisilokuwamo, na yaliyobaki ni mengi. Ile safu ya kati, kwa mfano: 3 kisha 6, 4 kisha 8. Hapo kurudufu kunaonekana kwa macho, na si lazima mtu abuni nia ili auone. Safu mbili zenye jumla moja, 60 na 60, nazo zinaonekana. Kuna mtu aliyeamua kwamba hesabu isibaki kichwani peke yake, akaipanga mafungu kwa mafungu mahali ambapo mwingine angeweza kuisoma. Hilo ni tendo la hisabati, na umri wake ni zaidi ya mara nane ya umri wa maandishi ya Euclid.

Nikiangalia safu ile ya kati, mimi msomaji wa Kiswahili nasikia namba za lugha yetu. Kabla ya kuazima sita kutoka Kiarabu, Waswahili walisema tandatu, na wataalamu wa lugha za Kibantu wanaeleza kwamba ni tatu na tatu. Nane inaelezwa kuwa nne na nne. Tatu na tandatu, nne na nane: ndivyo mikato ilivyo, 3, 6, 4, 8. Nilipoliona hili nilisimama kidogo. Lakini kipimo nilichomwekea de Heinzelin lazima nijiwekee pia. Lugha za Kibantu zilifika kwenye maziwa yale maelfu mengi ya miaka baada ya mfupa kuzikwa. Hakuna uzi unaounganisha vinywa vya wale wavuvi na midomo yetu. Kinachoweza kusemwa ni kwamba watu waliotenganishwa na zama nyingi, katika eneo moja, waliona urahisi uleule wa kujenga namba kubwa kwa kurudufu ndogo. Naliona hilo ni jambo la kutosha kuandikiwa insha yake.

Maswali yanayobaki kuhusu mfupa ni ya hadubini zaidi kuliko ya kalamu. Je, mikato ya safu moja ilichanjwa kwa jiwe moja, kwa siku moja, au iliongezwa kidogo kidogo kwa miezi? Kama iliongezwa kidogo kidogo, hoja ya mwezi inapata nguvu. Kama ilichanjwa kwa mkupuo, hoja ya mchezo wa hesabu inarudi. Marshack alidai kuona tofauti za mikato, na kazi hiyo inahitaji kurudiwa na macho mengine, yakiwemo ya Waafrika. Lakini mfupa haupo Kongo. Uliondoka kabla ya uhuru wa mwaka 1960, na hadi leo unahifadhiwa Brussels, katika taasisi ya kifalme ya sayansi asilia. Mwanafunzi wa Juba anayetaka kuona 11, 13, 17 na 19 kwa macho yake hana haja ya kupanda mto kwenda Ishango. Anahitaji viza ya Ubelgiji.